Kuandaa Nyaraka Kabla ya Kumwona Wakili wa Ufilisi: Mwongozo kwa Wadaiwa wa Nyanda za Juu Kusini

Madeni yanapozidi uwezo, watu wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hufika kwa wakili wakiwa wamechelewa, na mkononi wana bahasha moja ya kaki yenye barua ya benki na risiti mbili tatu zilizofifia. Saa ya kwanza ya mazungumzo, ambayo ndiyo unayoilipia, huishia katika maswali ya nani anakudai, kiasi gani na tangu lini, na majibu yake huwa ya kukadiria. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujiandaa ili saa hiyo itumike kupata ushauri. Msimamo wangu ni kwamba nyaraka zenye mihuri si tatizo kubwa, kwa kuwa zikipotea zinaweza kuombwa upya kwa aliyezitoa. Kazi kubwa iko kwenye madeni na mali zisizo na karatasi, nazo katika mikoa yetu ni nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Ufilisi wa mtu binafsi Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na mashauri yake husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo kwa upande wetu ina kanda za Mbeya, Iringa, Sumbawanga na Songea. Mali za aliyetangazwa muflisi husimamiwa na mfilisi, na kwa upande wa Serikali kazi hiyo iko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka maombi mahakamani, na mdai naye anaweza kumpeleka. Kwa njia yoyote kati ya hizo, mdaiwa atatakiwa kutoa maelezo ya mali na madeni yake yote, pamoja na majina ya wadai na dhamana walizoshika, tena kwa muda mfupi. Nyaraka unazokusanya kwa ajili ya kikao cha kwanza ndizo hizo hizo zitakazojaza maelezo hayo iwapo shauri litafika huko. Huenda lisifike, kwa maana ufilisi wa mtu binafsi si njia inayotumiwa na wengi kwetu, na wakili makini ataanza kwa kuangalia kama mkopo unaweza kupangwa upya au kama rehani yenyewe ina kasoro. Hata hivyo hawezi kuamua lolote kabla ya kuiona hesabu nzima.

Hatua ya kwanza: fahamu anayedaiwa ni nani

Swali la kwanza la wakili litakuwa kama deni ni lako wewe au ni la kampuni, na ni ajabu jinsi swali hili linavyowasumbua watu ambao wameendesha biashara miaka mingi. Mwenye duka Mwanjelwa anaweza kuwa na cheti cha BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ukutani, chenye jina linaloishia na maneno kama "Enterprises" au "Traders", akaamini kuwa madeni ya duka hayamgusi yeye. Cheti cha jina la biashara hakimtengi mtu na biashara yake. Jina ni lako, deni ni lako, na nyumba yako iko ndani ya hesabu. Kampuni yenye ukomo wa dhima ni kitu kingine. Hiyo husajiliwa na kufungwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na deni lake ni lake yenyewe, isipokuwa kama wakurugenzi walitia saini udhamini wa binafsi. Benki zetu huutaka udhamini huo karibu kila mara, kwa hiyo usiseme kwamba hukusaini mpaka umeusoma mkataba wote hadi viambatisho vya mwisho.

Leta basi cheti cha usajili, na kama ni kampuni leta pia katiba yake na taarifa za kila mwaka zilizowasilishwa BRELA. Leta namba ya TIN, leseni ya biashara ya halmashauri, na kitambulisho cha NIDA. Ikiwa mlianzisha biashara na shemeji au rafiki bila kuandikishana, andika kwenye karatasi nani alitoa nini na mligawanaje faida, kwa sababu mahakama inaweza kuutambua ubia hata kama hamkuwahi kuuita hivyo.

Hatua ya pili: tenga barua zenye siku zinazohesabika

Kabla ya kupanga kitu kingine chochote, toa katika rundo karatasi zote zinazotoka mahakamani, kwa dalali wa mahakama, kwa kampuni ya udalali iliyotumwa na benki, au kwa wakili wa mdai. Hizo zinakaa juu ya faili, na kama mojawapo inaonyesha muda umebakia mchache, usisubiri kukamilisha hatua zilizobaki. Mpigie wakili siku hiyo hiyo.

Mambo matatu yatakusaidia kutambua haraka uzito wa kila barua. La kwanza ni notisi ya benki kuhusu nyumba au shamba lililowekwa rehani. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaitaka benki ikupe notisi ya maandishi, na haki yake ya kuuza huanza baada ya siku 60 tangu ulipoipokea. Mnada wenyewe wa ardhi unatakiwa kutanguliwa na tangazo kwa umma la siku zisizopungua 14. Kwa hiyo tarehe uliyoipokea barua ina maana kubwa kuliko tarehe iliyochapwa juu yake. Usiandike chochote kwenye barua yenyewe. Tunza bahasha iliyokuja nayo, kisha kwenye karatasi ya pembeni andika siku, mahali na jina la aliyeileta, na kama iliachwa kwa mtoto au kwa jirani au ilibandikwa mlangoni, andika hivyo. Wapo wadaiwa walioisimamisha minada kwa sababu ya kasoro za notisi, na wapo walioshindwa kwa kukosa tu kukumbuka ni nani aliyeipokea.

La pili ni samansi. Ukiwa umefunguliwa shauri la kawaida la madai, una siku 21 tangu kukabidhiwa samansi kuwasilisha majibu ya maandishi. Kuna mashauri mengine ya muhtasari, hasa yanayohusu rehani na hundi, ambayo huruhusiwi hata kujitetea mpaka uiombe mahakama ruhusa, na mdaiwa asiyejua tofauti hiyo hukaa nyumbani akiamini kwamba ataitwa. La tatu ni hukumu iliyokwishatolewa. Hapo mdai anaweza kuomba kukamata mali au hata kuomba mdaiwa apelekwe kifungo cha madai, kwa hiyo leta nakala ya hukumu, tuzo (amri ya mahakama inayotokana na hukumu hiyo) na maombi ya utekelezaji kama umeyapata.

Hatua ya tatu: andika orodha ya madeni, hasa yasiyo na karatasi

Hii ndiyo hatua ndefu. Chukua daftari la kaunta, chora safu, na kwa kila deni andika jina la mdai na mahali alipo, siku mlipokubaliana, kiasi ulichopokea mkononi, riba au faida mliyokubaliana, ulichokwisha kulipa, kinachobaki kwa hesabu yako, kinachobaki kwa hesabu yake, dhamana uliyotoa, na mdhamini. Safu ya hesabu yako na ya kwake ziwe mbili tofauti, kwa sababu pale zinapopishana ndipo wakili anapokuwa na la kuuliza.

Anza na walio rahisi. Kwa kila benki na kila SACCOS, omba barua ya mkopo, ratiba ya marejesho, na stetimenti ya akaunti ya mkopo inayoonyesha riba na adhabu zilivyoongezwa. Una haki ya kupewa taarifa za mkopo wako, hata kama mtu wa dirishani atakuambia mfumo uko chini. Omba pia taarifa yako kutoka kampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu, kwa mfano Creditinfo, maana humo huonekana mikopo ya zamani uliyoisahau na wakati mwingine mikopo uliyomdhamini mwenzako ambaye ameacha kulipa. Watumishi wa umma walete hati za mshahara za karibuni. Kuna kanuni kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na wakili atataka kuona kama imezingatiwa.

Kisha njoo kwenye yale magumu. Mfanyabiashara wa viazi mviringo au wa mchele katika mikoa hii huendesha sehemu kubwa ya biashara yake kwa mali kauli. Mzigo unapakiwa shambani, fuso linaondoka kwenda Dar es Salaam, na malipo yanasubiri mzigo uuzwe. Hakuna mkataba, kuna neno tu na shahidi. Deni hilo ni deni kamili, na mkulima huyo ni mdai sawa na benki isiyo na dhamana, hivyo aingie kwenye orodha. Mfano wa namna ya kuliandika ni huu: "Mkulima wa Isyonje, viazi, magunia 40, mali kauli, Machi 2024, bei tuliyokubaliana shilingi 60,000 kwa gunia, jumla shilingi 2,400,000, nimelipa kwa simu mara tatu, jumla shilingi 1,500,000, bado shilingi 900,000, yeye anadai shilingi 1,300,000 kwa kuwa magunia yalikuwa lumbesa, shahidi ni dereva na vijana wa kupakia." Mstari mmoja wa namna hiyo una manufaa kwa wakili kuliko maelezo ya nusu saa, kwa kuwa ndani yake kuna mkataba, malipo, mgogoro na ushahidi.

Vikundi navyo vinahitaji uangalifu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka huduma hizi katika madaraja manne, na VICOBA pamoja na vikundi vinavyofanana navyo viko daraja la nne. Piga picha kila ukurasa wa daftari la kikundi unaokuhusu, siyo ule wa mkopo pekee, kwa sababu katika kikundi hicho hicho unachodaiwa una pia hisa, ambazo ni mali yako. Wengi huandika deni la kikundi na kusahau hisa zao, au kinyume chake. Kama kikundi kilichukua mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, wenye mafungu ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, leta mkataba wa kikundi na majina ya wanakikundi wote, kwa kuwa kuanguka kwako kunawahamishia wengine mzigo na wakili anapaswa kujua ni nani atakayekuja kupiga hodi.

Mikopo ya mtaani, ile tuliyozoea kuiita kausha damu, ndiyo inayofichwa zaidi kwa aibu, na ndiyo ambayo wakili huwa na la kusema zaidi. Mkopeshaji wa mtaani anatakiwa kuwa na leseni ya daraja la pili, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja hilo. Ukilinganisha na riba uliyotozwa kwa wiki, utaelewa kwa nini wakili atataka jina, mahali ilipo ofisi na karatasi yoyote uliyoachiwa. Mwambie bila kuzunguka kama uliacha kadi ya benki na namba ya siri, kama kadi ya gari iko kwa mkopeshaji, na hasa kama ulisainishwa mkataba wa mauziano wa nyumba au kiwanja badala ya mkataba wa mkopo. Hila hiyo ya mauziano ni ya kawaida. Mkopaji hupewa shilingi milioni tatu, husaini kwamba ameuza kiwanja, na siku akichelewa mkopeshaji huja kama mnunuzi. Ukiwa na meseji zinazoonyesha mlikuwa mnazungumzia marejesho, usizifute.

Mikopo ya simu, kama Songesha na mingineyo, inaonekana midogo na huachwa nje, lakini ikijumlishwa huleta hesabu. Kwa zile programu za mikopo zinazotuma meseji za vitisho kwa watu waliomo kwenye simu yako, hifadhi picha za meseji hizo. Benki Kuu ilitangaza mwaka 2024 orodha ya programu zisizo na leseni, na wakili ataangalia kama iliyokukopesha imo.

Wafanyabiashara wa Tunduma wenye wadai ng'ambo ya mpaka waandike deni kwa fedha iliyotumika, iwe kwacha au dola, pasipo kubadilisha. Madeni ya kodi, tozo za halmashauri, mishahara ya wafanyakazi na michango ya NSSF yaandikwe katika ukurasa wake, kwa kuwa sheria inayapa baadhi yake kipaumbele wakati wa kugawa mali.

Kuna tahadhari moja kuhusu madeni ya kale. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, deni la mkataba kwa kawaida linaweza kudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6, lakini ukilikiri kwa maandishi au ukilipa sehemu yake muda unaweza kuanza kuhesabiwa upya. Basi mdai wa zamani akikutumia ujumbe wiki hii akitaka tu "uthibitishe" deni la miaka saba iliyopita, usijibu kabla ya kumwona wakili. Liandike kwenye orodha yako, na yeye mwache asubiri.

Hatua ya nne: andika mali, pamoja na ile isiyo kwa jina lako

Kwa ardhi, leta ulichonacho, kiwe hati miliki, ofa, hatimiliki ya kimila iliyotolewa na kijiji, au makubaliano ya mauziano yaliyogongwa muhuri na mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Ongeza risiti za kodi ya pango la ardhi. Usidhani kwamba shamba lisilo na hati halihesabiki, wala usidhani kwamba kila shamba la ukoo ni lako. Andika lilikujaje: ulinunua, ulirithi, uligawiwa na kijiji, au unalilima tu kwa ruhusa ya mzee ambaye yuko hai.

Huku kwetu thamani mara nyingi iko juu ya ardhi kuliko ardhi yenyewe. Mwenye ekari tano za misindano au milingoti Mufindi, Kilolo au Njombe aandike mwaka wa kupanda, kwa sababu miti ya miaka mitatu na miti iliyokaribia kuvunwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na aeleze kama alishauza miti ikiwa imesimama. Mwenye parachichi Rungwe au Njombe alete mkataba wake na kampuni inayonunua, na aonyeshe kama alipokea miche au fedha za awali. Mkulima wa kahawa Mbozi alete stakabadhi za kahawa aliyopeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ambayo bado hajalipwa; fedha unazodai wengine ni mali, nazo ziandikwe kwa uangalifu ule ule ulioandikia unachodaiwa.

Magari ndiyo yenye vurugu kubwa zaidi. Kadi inaweza kuwa kwa jina la mtu aliyeliuza gari miaka mingi iliyopita, pikipiki inaweza kuwa ya mkataba ambayo kijana bado anapeleka hesabu kila siku, na trekta linaweza kuwa limenunuliwa na ndugu watatu. Kwa kila chombo andika kinachosema kadi, kisha andika ukweli, na uambatishe mkataba wa mauziano kama upo.

Usisahau mashine, friza, mzigo uliopo dukani na ghalani, akiba za SACCOS, bima, na fedha zilizoko kwenye simu. Weka bei ambayo mtu angeweza kukulipa sokoni leo, siyo ile uliyonunulia. Usiogope kuandika nyumba unayoishi na vifaa vya kazi yako. Katika utekelezaji wa hukumu za kawaida, Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga baadhi ya vitu visikamatwe, vikiwamo nyumba ambayo mdaiwa na familia yake wanaishi pamoja na zana za fundi. Kinga hiyo haikuokoi kwenye nyumba uliyoiweka rehani kwa hiari yako, lakini wakili hawezi kuidai kwa kitu ambacho hukumwambia kipo.

Hatua ya tano: mapato, matumizi na stetimenti

Hatua hii ni fupi. Omba stetimenti za miezi 12 za akaunti zote za benki, hata zile zilizolala, na za M-Pesa, Airtel Money na mitandao mingine unayotumia, kwa laini zote ulizosajili. Pitia ile ya simu ukiwa na kalamu ya rangi, na kila mstari ambao ni rejesho la deni uuwekee alama na jina la deni pembeni. Majina yanayoonekana pale mara nyingi ni ya mawakala au watoto wa mdai, na baada ya mwezi mmoja hata wewe hutayakumbuka. Mwisho andika ukurasa mmoja wa mapato ya mwezi wa msimu na mwezi usio na msimu, maana wastani wa mwaka unaficha ukweli wa mkulima, pamoja na ada za shule, kodi ya pango na chakula.

Hatua ya sita: mwenza na familia

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zinalinda nyumba ya wanandoa. Haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Leta cheti cha ndoa, au kama hamna cheti, andika mlianza lini kuishi pamoja na mashahidi wanaofahamu, iwe mlifunga ndoa ya kimila au hamkufunga kabisa. Leta nakala ya fomu ya ridhaa iliyopelekwa benki. Mwulize mwenzako kwa utulivu kama saini ile ni yake, na mwulize kabla ya kikao, kwa sababu jibu hilo likitoka kwa mara ya kwanza mbele ya wakili mnaweza kuanza shauri jingine pale pale mezani. Kama kuna mke wa pili, talaka isiyokamilika, au mirathi ya mzazi ambayo haijagawanywa, andika.

Hatua ya saba: mambo ya kuacha kuanzia leo

Usimwandikie kaka yako shamba. Usibadilishe kadi ya gari liwe la mtoto, wala usimlipe mdai mmoja unayemwonea haya huku wengine wakibaki. Sheria ya ufilisi inampa mfilisi uwezo wa kurudisha nyuma uhamisho wa mali uliofanywa ili kuwakwepa wadai, na upendeleo kwa mdai mmoja wakati mtu tayari hawezi kulipa, na baadhi ya vitendo hivyo ni makosa ya jinai. Kama ulishafanya lolote la namna hiyo, andika siku, mtu na kiasi alicholipa, halafu mweleze wakili. Mazungumzo yako na wakili yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ilimradi humwombi akusaidie kutenda kosa jipya.

Usichukue mkopo mpya kulipia wa zamani katika siku hizi za kusubiri kikao, hata kama mtu wa kikundi anakuhimiza. Usichane daftari la duka, pamoja na lile la "wanaodaiwa" lenye majina ya majirani.

Hatua ya nane: nakala, wakili na siku ya kikao

Toa nakala za kila karatasi na upige picha zote kwa simu, kisha mtumie mtu mmoja unayemwamini. Waliokuwa na mabanda soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 na lile la SIDO mwaka 2017 wanajua kwamba moto hauchagui kati ya mzigo na daftari. Anayetoka Tukuyu wakati wa mvua aweke faili kwenye plastiki; wino wa risiti za mashine unafutika kwa unyevu, na zile za EFD hufifia hata bila maji. Kama hati muhimu imepotea, nenda polisi upate ripoti ya upotevu kabla ya kikao.

Hakiki kwamba unayemwendea ni wakili kweli. Mawakili huhuisha leseni zao kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wanaozunguka karibu na mahakama wanapokea fedha na kuandika barua zisizo na nguvu. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuanza na watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria wa kata atakusaidia kupanga orodha ya madeni vizuri sana, ingawa haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani.

Siku ya kikao, weka juu kabisa barua zenye siku zinazohesabika, chini yake orodha ya madeni, kisha ya mali, kisha stetimenti, na nyaraka za familia mwishoni. Nenda na maswali machache yaliyoandikwa: kama ufilisi unakufaa au kuna makubaliano na wadai yanayowezekana, nini kitatokea kwa wadhamini wako, mdai mwenye rehani atazuiwa au la, kwa kuwa kwa kawaida ufilisi haumzuii kuishughulikia dhamana yake, na utakatazwa nini ukitangazwa muflisi, ikiwamo kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Uliza pia ada, inalipwaje kwa awamu, na gharama za mahakama ziko ndani yake au nje.

Usimwachie hati halisi yoyote kabla hamjaandikiana kwamba ameipokea, na usiondoke bila karatasi yenye mambo matatu: nyaraka zinazokosekana, nani atazitafuta, na tarehe ya mwisho ya kuzileta.